Kikwembe Kilichofunga Kifua Changu

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Jibuni kwa nguvu, maana leo nina pumzi ya kuwashinda ninyi wote!

Mnanijua, Mama Dorika wa samaki kavu za Tchomia. Mwaka jana maji yalijaa kuzunguka moyo wangu. Nikipanda ngazi mbili, nakaa chini. Madaktari wakanipasua kifua, wakakishona, nikaishi! Lakini nilipofika nyumbani maneno yakaanza: mwanamke aliyepasuliwa kifua si wa kubeba beseni tena. Meza yangu ya sokoni wakataka kumpa wifi yangu. Ndugu zangu, nilikasirika! Mungu aniokoe kwenye kisu, halafu nikae kitini kungoja kufa?

Mama mkwe alinitunza, simsemi vibaya. Vile tunavyomfunga tumbo mwanamke aliyetoka kuzaa, ndivyo alivyonifunga kifua kwa kikwembe kila asubuhi, akakaza kabisa, ili kidonda kisifunguke.

Siku ya kipimo ikafika. Daktari akaniambia nitembee kwenye korido dakika sita, nikienda na kurudi, aone kama moyo unafanya kazi. Hata dakika mbili hazikuisha, nikashika ukuta. Akatikisa kichwa.

“Mama, pengine mambo ya soko itabidi uache.”

Machozi yalinitoka, sitaficha. Ndani yangu nikapiga kelele: Bwana, sikubali!

Wakanipeleka kwenye ekografi, ile mashine inayoonyesha moyo ukipiga. Nikavua blauzi. Daktari akashangaa.

“Mama, ni nani alikufunga hivi? Hata mbuzi ya soko hawaifunge hivi!”

Akafungua kikwembe, mizunguko mitatu. Hewa ikaingia! Akatazama moyo wangu pande zote, mimi nikiomba tu. Mwisho akacheka.

“Moyo iko muzuri, mama. Ni kikwembe ndiyo ilikuwa inakukatalia kupumua.”

“Basi turudi mu korido.”

“Pumzika kwanza. Utarudia kesho.”

“Hapana, dokta. Leo!”

Nikapumzika kidogo, kisha nikatembea dakika sita zote, naimba! Muuguzi ndiye aliyechoka kunifuata.

Mama mkwe yuko pale mstari wa pili, anacheka. Na kikwembe ni hiki nilichojifunga kichwani. Wewe uliyeambiwa umekwisha, mtumaini Yesu, kisha nenda ukapimwe! Asiyeamini aje kesho sokoni. Meza haijahama. Atanikuta nimesimama.