Ngoma ya Nyanya Syombua

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyenipa shingo hii ya kusimama nayo mbele yenu! Mkiona nimefungua kitambaa, si kwa majivuno. Nataka muone kovu hili. Wengi wenu mmenijua nikiwa nalo, lakini hamjui lilikotoka. Leo nitasema.

Mimi ni Raeli Syombua, mzaliwa wa upande wa Masii. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na baada ya hapo miguu yangu ikakataa kukaa mahali pamoja. Miaka ile ya tisini nilikuwa nauza mitumba. Nilifuata siku za soko: Masii, Katangi, hata Kithyoko kule karibu na mto Tana. Nilipokuwa mbali nilikumbuka nyumbani mpaka machozi yakanilengalenga. Nilipofika nyumbani, chai haijapoa, nilikuwa nimeanza kuitazama barabara.

Na nilichokumbuka zaidi ni ngoma.

Mama mzazi wa baba yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita susu, aliitwa Syombua. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu. Susu alikuwa mtu wa kilumi, ile ngoma ya wanawake inayopigwa kwa ajili ya pepo za wazee waliokufa. Zilipompanda, mikono yake ilitetemeka, macho yakamtoka, jasho likamtiririka hata katika baridi ya Julai. Watu walisema, "Wamekuja," na ngoma ikashushwa toka ghalani. Alipigiwa akacheza, akacheza mpaka akachoka, akatulia. Walisema amepona.

Siku moja mchana alianguka katikati ya ngoma na hakuinuka tena. Nilikuwa mtoto, nimesimama kando ya ghala. Ndugu zangu, sikumbuki vilio vya siku ile. Nakumbuka tu kwamba susu alikuwa amelala chini, macho wazi, na Shangazi Kamene, binti yake, akaendelea kupiga ngoma kwa muda, kama mtu ambaye hajaona.

Sasa sikieni yaliyonipata mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Ilikuwa msimu wa baridi, ukungu umefunika vilima, na sokoni kila mtu amejifunga sweta mbili. Mimi nilikuwa nimevaa blauzi nyepesi, nayo imelowa mgongoni. Mikono yangu ilianza kutetemeka nikikunja nguo. Na njaa! Nilikula kama mtu anayelima, na bado sketi zangu zikawa zinaniteleza kiunoni.

Mutua, fundi wa viatu aliyekaa karibu na mimi pale Katangi, alinitazama nikimaliza sahani ya pili ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa.

"Raeli, hiyo chakula unaweka wapi? Ama uko na mtu huko ndani anakusaidia kukula?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Halafu nikaacha kijiko, kwa sababu ndilo swali nililokuwa nikijiuliza mwenyewe.

Siku hiyohiyo alasiri nilijilaza kwenye chumba nilichopanga na Zipora, muuza nyanya tuliyeimba naye kwaya. Niliweka sikio kwenye mto. Nikasikia ngoma.

Ilikuwa mbali, kama inapigwa ng'ambo ya bonde. Du-du, du-du, du-du, haraka haraka. Nikaketi. Kimya. Nikatoka nje nikamuuliza mama mwenye nyumba kama kuna sherehe mahali. Akanitazama vibaya. "Sherehe gani saa hii, na watu wako soko?" Nikarudi, nikalala tena. Ngoma ikaanza pale ilipoachia.

Ndugu zangu, kuanzia siku hiyo haikuniacha. Nilipohama Katangi kwenda Masii, ilikuja. Nilipokwenda Kithyoko, ilikuja. Nilipopanda mlima ilipigwa kwa kasi, nilipoketi ilipungua kidogo, kama wapigaji wananiona. Niliijua. Nilikuwa nimeisikia utotoni, nimesimama kando ya ghala.

Msidhani sikutafuta dawa! Zahanati moja ilinitibu malaria. Nyingine ikasema ni presha, nyingine ikaniambia ni mawazo, nipumzike. Kupumzika! Mimi ambaye hata nikikaa goti langu lilikuwa linacheza peke yake! Kwa vile nilikuwa nimekonda, wengine walianza kunong'ona kuhusu ule ugonjwa wa siku zile ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Nikaenda nikapimwa. Sikuwa nao. Lakini huwezi kutembea sokoni umebandika majibu kwenye kifua.

Kisha macho yakabadilika. Yalijaa, yakasogea mbele, na weupe ukaonekana juu na chini. Mteja mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniomba nisimwangalie mtoto wake. Na Zipora, rafiki yangu wa kweli, aliniamsha mchana mmoja akiwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Raeli, umelala ama umeamka?"

"Nimelala. Kwani nini?"

"Nimekuita mara nyingi. Ulikuwa unaniangalia."

Wiki iliyofuata alihamia kwa dada yake, akasema ni karibu na soko.

Kanisa liliniombea. Nashukuru, tena sana. Walinizunguka, wakaniwekea mikono, wakakemea. Nilifunga kula, na nilipofunga nilianguka chini nikitetemeka, wakasema pepo inatoka. Lakini nikiwa bado sakafuni, sikio kwenye simenti, niliisikia. Du-du, du-du. Haikuwa imetoka. Ilikuwa imekaribia.

Hapo ndipo nilipokwenda nyumbani kwa Shangazi Kamene.

Alikuwa mzee sasa, lakini alinitambua toka mbali, na alipotambua alishika mlango. Ukutani mwake kulikuwa na picha moja tu ya susu. Alinisimamisha kando ya picha hiyo. Sikuhitaji kioo. Yalikuwa macho yaleyale. Kana kwamba mtu ameyatoa kwenye karatasi akanivisha.

"Wewe unajiita Raeli," shangazi akasema. "Hiyo ni jina ya kanisa. Wao wanakuita Syombua. Wamechoka kungoja."

"Shangazi, mimi nimeokoka."

"Na umelala lini?"

Alinishika mkono, akanipeleka nyuma kwenye ghala. Ngoma ya susu ilikuwa inaning'inia palepale, ndefu, ngozi yake imekauka na kupasuka ukingoni. Jua la saa sita lilikuwa kali, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Shangazi akaniambia niweke kiganja juu ya ngozi.

Nikaweka. Ngoma ikatetemeka! Hakuna aliyeipiga, lakini ikalia kwa sauti ndogo sana, kama mdudu aliyefungiwa ndani ya mtungi. Niliondoa mkono, ikanyamaza. Nikarudisha, ikaanza tena.

"Umeona?" shangazi akasema, machozi yakimtoka. "Imekujua."

Ndugu zangu, nilikubali. Nisiwafiche. Mtu aliyefuatwa na ngoma toka soko hadi soko hufika mahali anataka tu kwenda inakompigia, yaishe. Tulipatana Jumamosi iliyofuata wanawake wakusanyike. Nilijua jinsi susu alivyoishia. Nilijua kabisa! Na bado nilikubali.

Nikarudi Katangi kurudisha joho la kwaya, kwa maana haiwezekani uvae joho Jumapili na Jumamosi ukachezee pepo. Nilimkuta Zipora anapanga nyanya. Nikampa joho likiwa limekunjwa. Alielewa. Aliweka nyanya chini, akanikumbatia kwa nguvu, mtu aliyekuwa ananiogopa! Akaweka kichwa chake hapa, kati ya bega na shingo, akalia.

Halafu akaacha kulia.

"Raeli," akasema polepole. "Ni nini hiyo inapiga?"

Muda wote huo nilikuwa nasikia peke yangu.

"Wewe pia unasikia?"

"Niko na masikio! Iko hapa. Iko ndani ya shingo yako." Akabandika sikio tena. "Hii si ngoma ya mtu. Hii ni kama mto. Raeli, pepo haikai kwa mshipa. Funga hizo nguo, tunaenda Machakos."

"Sokoni atabaki nani na nyanya?"

"Zioze!"

Mungu ambariki Zipora popote alipo leo. Nyanya zilioza kweli.

Katika hospitali moja pale mjini Machakos tulimkuta daktari mwanamke, mtu wa maneno machache. Hakuniuliza dalili kwanza. Aliniangalia nikiingia, akaniambia, "Keti. Nyoosha mikono." Akaweka karatasi juu ya vidole vyangu vilivyonyooshwa. Karatasi ikapepea, ikatoa sauti ndogo kama mdudu ndani ya mtungi. Nikaijua ile sauti. Haikuwa ngoma iliyotetemeka kule kwenye ghala. Ulikuwa mkono wangu!

Akanipa maji, akaniambia nimeze huku ananishika shingo. Nikamwambia, "Daktari, usinicheke. Nasikia ngoma."

Hakucheka. Alichukua kile kipimo cha kusikilizia moyo, lakini hakukiweka kifuani. Alikiweka hapa shingoni, chini ya koo, akasikiliza. Halafu akakivua masikioni mwake akanivisha mimi.

"Ni hii?"

Ndugu zangu, ilikuwa ni hiyo! Wuu-du, wuu-du, wuu-du. Wapigaji wote, bonde lote, miaka yote! Ilikuwa damu yangu ikipita kwa kishindo katika tezi iliyovimba.

Akanieleza kwamba shingoni tuna tezi iitwayo thairoidi, ndiyo inayouambia mwili uende kwa kasi gani. Yangu ilikuwa inaukimbiza mwili. Ndiyo sababu ya joto, njaa, kukonda, kutetemeka, macho, na moyo kwenda mbio hata nikilala. Alisema damu itapelekwa Nairobi kuthibitisha, lakini moyo wangu haungengoja majibu, akanipa vidonge vya kuutuliza. "Usikimbie," akasema. "Usifunge kula. Usicheze dansi. Moyo huu umefika mwisho wake."

Kisha akauliza, "Kwenu kuna mtu mwingine aliyekuwa na macho haya?"

Zipora ndiye aliyesema, "Nyanya yake."

"Alikufaje?"

Nikajibu mwenyewe. "Akicheza."

Jumamosi ilifika. Vidonge vilikuwa vimeanza kazi. Ngoma ilikuwa bado ipo, lakini ilipiga taratibu, kama wapigaji wamechoka mikono. Nilikwenda Masii, kwa sababu sikutaka shangazi adhani nimetoroka. Wanawake walikuwa wamekusanyika, ngoma imeshushwa na kuwekwa juani ngozi ikaze.

Nikamwambia, "Shangazi, kabla hujapiga, kuja usikilize hapa."

Alikataa. Akakemea. Wanawake wakasema pepo zangu ni kaidi. Nikapiga magoti mbele ya kigoda chake, nikainamisha shingo. Mwishoni aliinama, akaweka sikio lake. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilimweleza yote aliyosema daktari, polepole, kwa Kikamba: joto, njaa, mikono, macho, na moyo unaokimbia mpaka unasimama.

Alipoinua kichwa, hakunitazama mimi. Aliitazama ngoma.

"Kwa hivyo mama," akasema. "Siku ile mama..."

Wanawake wale waliinuka mmoja mmoja wakaenda nyumbani, na ngoma ikabaki juani mpaka jioni.

Majibu ya Nairobi yalikuja kama daktari alivyosema. Nilimeza dawa ya tezi kwa miezi mingi, nikanenepa, mikono ikatulia, na baadaye nikafanyiwa upasuaji. Ndilo kovu mnaloliona. Macho yamerudi nyuma kidogo, si yote. Bado nina macho ya susu, na sasa nayapenda. Nampigia Mungu magoti kwa ajili ya Zipora, daktari yule, na shingo hii!

Kwa hivyo nawasihi, ndugu zangu. Huenda kwenu yuko mama anayetoka jasho kwenye baridi. Huenda yuko binti anayetetemeka, anakula na kukonda, na mmeanza kumwogopa. Muombeeni, ndiyo! Lakini mkumbatieni kwanza. Wekeni sikio. Kisha mpelekeni hospitali, msikubali kurudishwa nyumbani kwa kukisiwa tu malaria. Mungu aliyenisikia mimi ana masikio hata ya daktari. Mtumainini.

Bado natembea masoko. Ngoma ingali inaning'inia kwenye ghala na hakuna anayeigusa. Lakini kila nikifika nyumbani, hata kabla ya salamu, Shangazi Kamene huniita kwenye kigoda chake. "Kuja nisikie." Nainama. Anaweka sikio lake la kizee shingoni mwangu, anafumba macho, anangoja.

"Kumenyamaza," anasema. Ndipo ananiachilia niingie ndani ninywe chai.

Amina.