Benter Akumu na Wageni wa Matanga

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Benter Akumu ataondoka katika tawi letu la Kisii na kustaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya bima kwa miaka ishirini na tisa. Nimepewa kazi ya kumwandikia katika jarida hili kwa sababu dawati langu la madai limepakana na lake kwa muda mrefu, na kwa sababu, kama alivyosema meneja mbele ya watu, mimi Palak sina haya. Meneja aliniomba pia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila tangu tarehe hiyo itangazwe nimekuwa nikijifungia chooni nikilia, na wenzangu wote wanajua.

Benter alikuja Kisii kutoka Kendu Bay mwaka wa 1996, akaajiriwa kupiga taipu. Ekegusii, lugha ya wenyeji wa huku, hakukijua hata kidogo. Katika wiki yake ya kwanza mteja mmoja mzee alimwita “baba”, naye akageuka nyuma kumtafuta mwanamume aliyekuwa akiitwa, mpaka akaelezwa kwamba huku baba ndiye mama. Haikuchukua muda akawa anawabembeleza wateja kwa Ekegusii kilichonyooka kuliko changu, mimi niliyezaliwa nyuma ya duka la vitambaa la babu yangu katikati ya mji huu. Kutoka kwenye taipu alipanda akawa wakala, kisha msimamizi wa bima za nyumba, na hapo ndipo alipobaki kwa sababu hapo ndipo alipopenda.

Alikuwa na namna yake ya kukagua nyumba. Sisi wengine hukaribishwa sebuleni, tukaletewa soda na kuonyeshwa picha za mahafali. Benter alipita moja kwa moja hadi jikoni, akavuta kiti kifupi na kuanza kuchambua chinsaga pamoja na mwenye nyumba. Mboga ile haina haraka, unaing'oa jani kwa jani. Sufuria ilipojaa, alikuwa ameshajua paa linavuja wapi, nyaya zipi zimezeeka na nani analala chumba kipi. Kisha alirudi ofisini vidole vikiwa vya kijani na kuyashika mafaili yangu bila kunawa. Nimemgombeza kwa hilo mara nyingi, na sasa nitalikosa.

Halafu zikaja nyumba za wageni wa siku chache. Mnazijua. Mtoto yuko Marekani, amejenga ghorofa nyumbani, huja kulala humo wiki mbili za Desemba, na mwaka mzima mama anafagia vyumba vitupu. Akina mama hao walianza kuwakodishia watu wa harusi, wa mikutano ya kanisa, na wazazi waliokuja kuona watoto shuleni. Shida ni kwamba bima ya kawaida ya nyumba humlinda mwenye nyumba, familia yake na marafiki zake. Mgeni akishalipia kitanda, nyumba huhesabiwa kuwa biashara, na moto ukizuka kampuni haina habari nawe. Wengi hawakulijua hilo. Benter alipanda Nyanchwa kwa miguu, akaenda Ogembo kwa boda boda na kufika mpaka Nyansiongo, akiwasihi wahamie bima mpya iliyotungwa kwa ajili ya wenye nyumba wanaopokea wageni wa kulipa.

Tulicheka sana miaka ile. Huko Nyansiongo ndama aliingia chumba cha mgeni aliyekuja kuoa, akala mkono mzima wa koti la harusi. Makao makuu walitaka ushahidi. Benter aliwatumia picha ya ndama mwenyewe, kitambaa kikining'inia mdomoni, na bwana harusi akalipwa koti jipya. Picha ile ingali ukutani kwetu.

Mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Mwalimu Mokeira wa Nyanchwa, mjane aliyestaafu ualimu, ambaye mwanawe Ochoki alimjengea ghorofa kwa jasho la kazi ya hospitali huko ughaibuni. Mokeira alimwita Benter “mwanangu”. Aliiacha bima yake ya zamani na kuchukua hii mpya kwa sababu Benter alimwambia, wala hakuuliza maswali.

Agosti 2022 jirani wa Mokeira alifariki. Waombolezaji walipofika kutoka Nairobi na Nakuru, Mokeira aliwafungulia nyumba nzima, juu na chini, bila malipo. Asubuhi ya mazishi mmoja wao alikuwa akipiga nguo pasi huko juu, stima zikapotea. Akaiacha pasi kitandani, akavaa hivyo hivyo na kuwakimbilia wenzake. Stima zilirudi mchungaji akiwa katikati ya mahubiri. Watu waliokuwa kaburini walipouona moshi, paa lilikuwa limeshashika moto. Hakuna aliyeumia, lakini ghorofa ya juu ilibaki kuta nyeusi, na chini hapakukalika tena.

Mkadiriaji wa hasara alikuja kutoka Nairobi na kumuuliza Mokeira wageni wale walimlipa nini. Mama yule alimkazia macho. “Wewe kijana, mimi nilipishe watu wa matanga? Kwani umelelewa wapi?” Benter alikuwa ameketi kando yake kwenye benchi, nami nilikuwa nimesimama na kamera. Sote wawili tulijua kwamba angesema walilipa chochote, hata kidogo vipi, nyumba ingejengwa upya. Benter aliinamisha kichwa na hakumkonyeza. Ofisini wapo waliomwambia alikuwa mjinga. Mimi sikumwambia hivyo, wala sidhani hivyo hata leo.

Madai yalikataliwa. Bima mpya ilihusu wageni wa kulipa, na hawa hawakulipa. Bima ya zamani ingewahesabu kuwa marafiki wa familia, lakini Mokeira alikuwa ameiacha kwa ushauri wa Benter. Mnauona uzito wake. Tulipopanda kumpelekea habari hiyo, Mokeira alitupikia chai na kututilia sukari kama kawaida. Wakati huo alikuwa amehamia kijumba cha jikoni nyuma ya ghorofa. Alisema ana ombi moja tu: siku yake ikifika, asiagwe uani kama mpita njia, bali alazwe sebuleni mwake chini ya paa, na atolewe kwa mlango wake mwenyewe. Benter akamjibu, “Utatokea mlango wako, mama. Hilo niachie mimi.” Nilitamani asiseme. Mimi hukaa kwenye dawati la madai na ninaijua kasi ya Nairobi.

Benter alikata rufaa. Makao makuu wakataka nyumba ikaguliwe tena, kwa hiyo Benter akamwomba Ochoki asiguse kitu mpaka mkadiriaji arudi. Ochoki alikuwa ameshaanza kununua mabati. Alitii. Mkadiriaji akaahirisha, akaugua, akabadilishwa. Kila Ijumaa Benter alipiga simu Nairobi, na kila Jumapili alipanda Nyanchwa kumwambia mama yule kwamba bado kidogo.

Machi 2024 Mwalimu Mokeira alifariki, rufaa ikiwa bado iko mezani kwa mtu. Jeneza lake liliwekwa chini ya hema, uani, kando ya zile kuta nyeusi. Waombolezaji wa mbali walitafuta pa kulala kwingine. Benter alisimama nyuma kabisa, karibu na uzio wa michai. Ochoki alimfuata huko huko, akamshika mkono na kumleta mbele akae na familia, akimwita dada. Hakuna hata mmoja aliyemlaumu. Nadhani angelaumiwa ingekuwa nafuu. Alirudi ofisini, na tangu hapo uso wake haujawa ule tuliouzoea.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo ndiyo kubwa kuliko zote. Aliacha kudai malipo, akadai bima yenyewe ibadilishwe. Aliwaeleza makao makuu, kwa barua na kwa safari alizojilipia nauli, kwamba nyumba inayopokea wageni wa kulipa huku kwetu ndiyo hiyo hiyo inayofunguliwa jirani akifiwa, na hakuna mama wa Kisii wala Nyamira atakayefunga mlango kwa sababu ya karatasi zetu. Walimchoka. Mwanzoni mwa mwaka huu walikubali: mwombolezaji aliyelazwa bure sasa analindwa sawa na mgeni aliyelipa. Nairobi wanakiita kipengele hicho kwa nambari. Sisi hapa tunakiita kipengele cha Mokeira. Ni cha kuanzia sasa, hakiugusi moto wa zamani.

Septemba, bomba lilipasuka katika nyumba moja ya Ogembo iliyojaa watu wa matanga, na dari likaanguka. Mwenye nyumba alilipwa mwezi huo huo bila ubishi. Ofisi nzima ilipiga makofi, mtu akatumwa kununua keki. Nilimkuta Benter amekaa kwenye ngazi za nje, akifuta macho kwa ncha ya leso. “Palak,” akaniambia, “imelipwa nyumba ingine.” Nilikaa naye tu.

Ochoki na nduguye wameijenga upya ghorofa ya mama yao kwa mifuko yao wenyewe, na wiki iliyopita walimaliza kuezeka. Ochoki alipiga simu hapa ofisini, nikaipokea mimi. Anakuja Desemba, na anataka mtu wa kwanza kulala humo, kabla ya familia na kabla ya mgeni yeyote, awe Benter. Alikuwa ameshamwomba mara mbili, na mara zote mbili Benter alimjibu kwamba itaangaliwa.

Mama Benter, asante kwa miaka yako, kwa chinsaga kwenye mafaili yangu, na kwa kutuonyesha watu ambao sisi tuliwaona kama nambari. Tunakuombea afya, mvua nzuri kwenye shamba lako la Kendu Bay, na wajukuu wa kukusumbua. Mwaka wa tatu huu unatuambia kwamba usingizi umekupotea. Chumba cha mbele kule Nyanchwa kimeshatandikwa, Ochoki ameniambia, na mlango ni mpya. Wamekusubiri. Nenda ukalale.