Rudisheni Tangi la Kuoshea, Rudisheni Rosalba

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Madini,

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa kiwanda cha shaba cha Quebrada Salada tunakupokea kwa heshima. Empanada, sambusa zetu za kuoka, zipo, chai ipo. Vicheko utatusamehe, hatuna.

TULIKOTOKA
Jangwa hili halina mto. Shaba tunaiyeyusha kutoka kwenye mawe kwa tindikali na maji ya bahari, yenye chumvi kali, kisha tunayakoroga na mafuta maalumu yanayonasa shaba na kuiacha chumvi. Mafuta hayo sharti yaoshwe kwa maji safi kabla shaba haijapelekwa kwenye matangi ya umeme. Yasipooshwa, chumvi huingia kwenye matangi hayo na kutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu.

MAFANIKIO
Mabamba yetu ya shaba yanasifiwa hadi bandari ya Antofagasta. Tunashukuru.

YALIYOTUKUTA
Agosti uongozi ulilifunga tangi la kuoshea, ati linachelewesha uzalishaji. Macho yakawasha, vifua vikabana. Rosalba Cayo, msimamizi wa zamu, akamwendea meneja.

"Bwana Lisandro, watu wanakohoa kule chini."

"Acheni kudeka, mama. Hiyo ndiyo harufu ya mshahara."

"Basi shuka uinuse wewe!"

Hakushuka. Wiki ileile mzee Eleuterio Ticona akaanguka kati ya matangi, akikohoa damu. Rosalba akazima pampu zote, tukambeba mzee hadi nje. Yu hai. Lakini yeye aliyetupulizia tarumbeta kila sikukuu ya Bikira Maria, leo hawezi kupuliza hata chai ipoe.

Na Rosalba? Kafukuzwa, kwa kuzima mitambo bila idhini! Aliyeokoa mtu yuko nyumbani; aliyefunga tangi ameketi kulia kwako, Mheshimiwa, na tai yake shingoni.

MAOMBI
Jana tangi lilifunguliwa ili wewe usikohoe. Tumeambiwa wazi kwamba ukiondoka litafungwa. Je, mapafu yako ni ya nyama, yetu ni ya bati?

Tunaomba amri yako lisifungwe tena. Mzee Eleuterio atibiwe. Rosalba arudi kazini, na aombwe radhi mbele yetu sote. Kamati ya uchunguzi hatuitaki.

Mungu akulinde njiani, akupe kifua kizima na ulimi usioogopa mwenye tai. Honi ya zamu italia sasa hivi. Hatuingii. Tunangoja jibu lako hapahapa, tumesimama.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa zamu zote, Quebrada Salada