Mbuzi wa Ntheo Niliowauza Jumatatu

Mwenyekiti, wanakikundi, na akina mama mlioacha chai jikoni ili mnisikilize, hamjambo nyote. Nimeombwa nieleze nilivyoanguka kwenye biashara na nilivyoinuka. Habari ya kuinuka ni fupi. Ya kuanguka ndiyo ndefu. Majina ya watu sitataja, hata mkinikonyeza.

Wengi wenu mnanijua kama dalali wa mbuzi pale Kiamaiko. Malori yakifika asubuhi nachagua, nanunua, kisha nawauzia wachinjaji na watu wenye sherehe. Kazi hiyo naijua. Mbuzi nikimshika mgongo nakwambia atatoa kilo ngapi za nyama, na sikosei sana. Nawaambia hivyo mapema ili mjue kwamba sikuangushwa na mbuzi. Niliangushwa na ahadi.

Ilianza na mama mmoja wa Majengo, aliyekuwa na harusi ya mwanawe mwisho wa mwaka. Soko lilikuwa limelala, mbuzi ni rahisi, na yeye akaogopa kwamba Desemba wangepanda. Akaniambia, "Nishikie bei ya leo. Nikirudi Desemba utaniuzia kwa hii bei. Nisiporudi, hii pesa kidogo ninayokupa ni yako, sitakudai." Nikachukua. Desemba ikafika, mbuzi wakawa rahisi hata zaidi, na yule mama akanunua kwa mtu mwingine. Alipita mbele yangu akimvuta beberu wake, akanipungia mkono.

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna pesa tamu kama ile inayokujia ukiwa umekaa. Sikununua nyasi, sikulipia zizi, sikukimbizana na mbuzi barabarani. Niliuza neno tu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba nimegundua biashara. Yuko pale, anatikisa kichwa, anakumbuka.

Mwaka uliofuata nikaifanya kazi. Mtu wa ruracio, yaani mahari ya Wakikuyu, mtu wa harusi, mtu wa Krismasi, wote njooni niwashikie bei. Nilitoza kila mtu ada moja, awe anataka wiki mbili au miezi mitano. Mtu akiuliza kwa nini kiasi hicho, nilijibu ndiyo bei ya soko, ilhali soko lenyewe lilikuwa mimi.

Nina mtoto wa dada yangu. Msichana huyo anafanya kazi katika ofisi moja mjini, wanapouza hisa na mikataba ya bei za kesho. Siku moja alikuja kwetu kula, akanisikia nikijisifu. Akaweka kijiko chini.

"Anko, wa wiki mbili na wa mpaka Krismasi wanakulipa sawa?"

"Sawa kabisa. Mimi sibagui."

"Na bei ikipanda, mbuzi utawatoa wapi?"

"Sokoni."

"Kwa bei gani?"

Nikacheka. Nikamwambia yeye amesoma, lakini mbuzi hawajui. Hakukasirika. Akanieleza polepole kwamba huko kazini kwao kitu hicho kina jina, na kuna watu ambao kazi yao yote ni kupiga hesabu ya bei yake. Akasema, "Bei ikishuka, mteja anaenda zake. Ikipanda, anakuja mbio. Kwa hivyo watakaobisha mlango wako ni wale wa siku mbaya tu. Hizo siku mbaya zote umezinunua wewe, Anko, na umelipwa pesa ya chai."

Nilimwongezea sukuma kwenye sahani ili anyamaze. Ningemsikiliza siku ile, leo nisingesimama hapa.

Sasa nije kwa rafiki yangu. Ni dereva. Tulikaa naye ploti moja kule Kware miaka mingi, na watoto wetu walikula kwa sufuria yoyote iliyoiva kwanza. Kijana wake alipata mchumba, na familia zote mbili ni za Ukambani kama mimi. Wasio wa kwetu niwaeleze: mbuzi watatu wa ntheo ndio wanaofunga ndoa. Unaweza kutoa vingine vyote, lakini bila hao watatu msichana bado ni wa kwao. Rafiki yangu alinijia mapema, akashika bei, na akaniomba jambo lingine zaidi. Aliniomba niwe mmoja wa wazee watakaosindikiza mbuzi hao ukweni. Nilifurahi kama aliyepewa shamba.

Kwa ajili yake sikuuza neno tupu. Nilinunua mbuzi watatu wazuri, nikawaweka zizini na kuwatia alama ya rangi ya buluu masikioni.

Kisha mvua ikakosekana kule kaskazini. Malori yakaja nusu, halafu robo. Bei ikaruka, na wateja wangu wote wakanikumbuka. Nilinunua ghali nikawauzia rahisi, nikitumia ada za wapya kuwatimizia wa zamani, mpaka wapya wakaisha. Siku ya Jumatatu ya juma lile la ntheo, mchinjaji mmoja alisimama zizini akiwatazama wale watatu wa buluu. Akataja bei ambayo sijawahi kuisikia.

Nataka mnielewe nilivyofikiri, kwa sababu wajinga hawafikirii hivi, ni sisi wajanja. Nilijiambia: malori yanatarajiwa Alhamisi. Yakija, bei itashuka. Nitanunua watatu wengine kwa rahisi, niwatie rangi ile ile, tofauti nilipie madeni, na hakuna atakayejua. Nikauza mbuzi wa mtu nikitarajia kuwanunua tena.

Alhamisi yalikuja malori mawili tu. Ijumaa bei ilipanda tena, na pesa ya mfukoni nilikuwa nimeshawalipa walionidai. Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya ntheo, rafiki yangu akapiga simu kuuliza nimefika wapi na mbuzi. Niliitazama ikilia. Nikaizima.

Yaliyofuata niliambiwa. Walisubiri barabarani mpaka jua likawa kali, kisha wakaenda na bahasha ya pesa. Baba yake rafiki yangu, mzee aliyejiandaa kwa wiki nzima, ndiye aliyekuwa msemaji. Walipofika na kukaribishwa, wazee wa upande wa msichana wakauliza mbuzi wako wapi, tusikie wakilia. Yule mzee akasimama, akasema hawakuja na mbuzi. Wenyeji hawakutukana. Waliwapa chai, wakarudisha bahasha, wakawaambia mje mkiwa tayari.

Nilijificha kwa dada yangu kama mtu mgonjwa. Msichana wetu wa ofisini akanikuta pale. Nilitegemea aseme, "Nilikwambia." Hakusema. Alichukua kiti akakaa, akasema, "Anko, nipe orodha ya watu ambao bado unawashikia bei. Twende kwa kila mmoja."

Tukaenda, nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kupona, ingawa ilikuwa na uchungu kuliko ile ya kuanguka. Nilisimama mlangoni mwa watu nikisema siwezi, nikaomba muda, nikarudisha ada, nikatukanwa. Kisha nikaomba kazi ya kuosha matumbo kwenye machinjio yale yale nilikokuwa nikiitwa bosi. Wengine wenu mliniona na mkajifanya hamkuniona. Ilikuwa heshima, na nashukuru.

Jioni za Jumapili msichana yule alinifundisha. Hakuuliza bei ya mbuzi ni ngapi. Aliuliza huwa inaruka kiasi gani, na kwa muda gani. Ahadi ya muda mrefu ni ghali kuliko ya muda mfupi, na ya soko linalorukaruka ni ghali kuliko ya soko lililotulia. Tulipopiga hesabu, ada yangu ya zamani haikutosha hata kwa wiki mbili.

Mkopo wa kikundi hiki ulinirudishia zizi, na wa kwanza walioingia humo walikuwa mbuzi watatu. Niliwaswaga mwenyewe mpaka kwa rafiki yangu. Akawatazama sana, akauliza, "Wa bei gani?"

"Ile tuliyoshika."

Akaingia ndani akatoa pesa hiyo, hakuongeza, hakupunguza, akanihesabia mkononi. Nilijaribu kukataa. Akasema, "Chukua. Tulikubaliana." Siku ya kwenda ukweni hakunialika tena, na mimi sikuuliza.

Nashukuru mke wangu, aliyeuza githeri mlangoni ili watoto wasome. Nashukuru mtoto wa dada yangu, na nyinyi mlionikopesha wakati jina langu lilinuka. Mama, wewe pale, uliyeniuliza mlangoni kama nashika bei ya Desemba: nashika, lakini njoo kwanza umwone mbuzi, na ada si ya chai tena. Na nyote, kabla hamjauza ahadi, jiulizeni ni nani atasimama mahali penu siku itakapowashinda.

Mimi najua aliyesimama mahali pangu. Nilienda kwa yule mzee, baba yake rafiki yangu, kuomba msamaha. Nilimkuta jikoni akiota moto, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema habari ya mbuzi ameshaisamehe, walikuja, kijana ameoa, yameisha. Kisha akanitazama.

"Lakini siku ile mimi nilisimama mbele ya watu," akasema, "na wewe ulikuwa umezima simu."