Salamu ya Sista Kamanthe

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2006, Sista Perpetua Kamanthe, muuguzi wetu, atafunga mlango wa zahanati ya wafanyakazi wa baraza letu hapa Machakos na kukabidhi ufunguo. Ameushika kwa miaka ishirini na saba na miezi minne. Sisi tulioajiriwa baadaye hatukuwahi kusema tunaenda zahanati. Tulisema tunaenda kwa Kamanthe.

Alianza Machi 1979 katika chumba kinachopakana na stoo ya mafagio na reki, na mpaka leo chumba ni kile kile. Wagonjwa wake ni wafagiaji wa soko, wazibuaji wa mitaro, madereva wa malori ya taka, na sisi makarani ambao huugua zaidi Jumatatu. Ni yeye aliyewasumbua wakubwa mpaka wazibuaji wakapewa buti na glavu. Ni yeye pia aliyekuuliza habari za mbuzi wako, na ukiwa bado unahesabu vitoto, sindano ya pepopunda imeshaingia na kutoka.

Lakini linalonistaajabisha zaidi ni salamu yake. Kila asubuhi, kabla ya majina kuitwa, Sista hupita kwenye mstari wa wafanyakazi yadini, uwanja wetu wa kupangiwa kazi, akimwamkia kila mmoja kwa Kikamba: wakya. Na Mkamba akiambiwa wakya hujibu aa, kinywa wazi, bila kufikiri. Tulimsifu kwa adabu yake. Ilituchukua miaka kung'amua kwamba tulikuwa tunapimwa: anaangalia koo, anasikiliza kifua, anasonga mbele. Mhandisi mmoja mgeni alizoea kumjibu salama huku meno yameshikana. Sista alimrudia wiki nzima mpaka akajifunza kufungua mdomo.

Mwaka 1998 ulizuka uvumi kwamba vibarua watapunguzwa, na wagonjwa ndio watakaotangulia. Wathome, aliyesukuma mkokoteni wa taka na kulea watoto wanne kule Kalama, akaamua kuficha kikohozi chake. Alikohoa njiani mpaka kikohozi kikaisha, ndipo akaja kusimama mstarini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Safari hii Sista alikiwahi kilio.

Jumanne moja aa ya Wathome ilikatika katikati. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na sikusikia kitu. Sista alimaliza mstari, kisha akamwomba msimamizi amwazime Wathome akamsogezee kabati zahanati. Makohozi yalipopimwa, kilikuwa kifua kikuu.

Alimtafutia likizo ya ugonjwa bila kumweleza mtu yeyote zaidi ya daktari. Daktari aliporidhika kwamba hawezi tena kuambukiza wenzake, Sista akaomba Wathome awe anamletea maji zahanati kila asubuhi. Tulimwona akiingia na jerikeni miezi ile yote, tukanung'unika kwamba kuna wenye mama zao kazini. Kumbe ndani alikuwa anameza dawa, na Sista amemkodolea macho mpaka ateremshe kidonge cha mwisho. Hakukosa siku hata moja. Alipona, na jina lake halikufutwa. Haya tumeyajua mwezi uliopita tu, Wathome mwenyewe alipoyasimulia na kuniruhusu niyaandike. Niliona haya kwa yale manung'uniko, na bado naona.

Leo Wathome ndiye msimamizi anayeita majina yadini. Na yeye ndiye aliyekumbuka kwamba kwa miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtangulia Sista kwa salamu. Kwa hiyo Ijumaa tutafika mapema, sote, hata makarani.

Asante, Sista. Shamba lako la Tala likuzalie ndengu, magoti yasikusumbue, na afya uliyotugawia ikurudie maradufu. Ukiingia yadini utatukuta tumejipanga, na Wathome mbele. Atakuamkia kama mtu anavyomwamkia mama yake, wakya mwaitu. Jibu polepole, kinywa wazi. Tutakuwa tunasikiliza.