Mutu Aliyeweka Kiti juu ya Chukudu

Ba papa na ba mama, majirani wa Birere na ninyi mulioshuka kutoka Kibumba asubuhi hii, familia imetutuma tuwasomee maisha ya ndugu yetu Kamate Sikuli Damascène, na tutasoma yote, hata ile inayotuinamisha kichwa, kwa sababu uongo wa kwenye matanga umeshazidi katika muji huu.

Marehemu alizaliwa Kibumba tarehe 14 Machi 1971, mutoto wa kwanza wa muzee Sikuli, mchuuzi wa shu, zile kabichi, kutoka Butembo, na wa mama Mukamugema, mulimaji wa palepale, akasoma primaire hadi cinquième, darasa la tano, baba alipofariki akaacha masomo ili mudogo wake Olive aendelee, na mwaka 1987 akachonga chukudu yake ya kwanza, ile pikipiki ya mbao isiyo na moteur, ambayo bila yenyewe Goma ingelala njaa, hata kama ba chef wa muji wanaipigia honi iwapishe njia.

Tarehe 22 Juni 1996 alifunga ndoa na mama Rosine, Mungu akawapa Samy, Benny na Furaha, akawalisha wote kwa kushusha shu na makala ya kupikia Goma na kusukuma chukudu tupu kurudi mulimani.

Tarehe 15 Novemba 2022 masasi ya vita ilifika Kibumba, Rosine na watoto wakiwa wametangulia kukimbilia kambi ya Kanyaruchinya, marehemu akasogeza chukudu mlangoni ampandishe mama yake, ambaye miguu ilikuwa imekataa kutembea, lakini mama akagoma, akisema juu ya chukudu kunapanda shu, makala na maiti, na yeye bado hajawa kimoja kati ya hivyo, "beba maharagi, watoto watakula nini, mimi utarudi kunichukua." Mutu aliyelelewa vizuri habishani na mama yake, ndiyo kosa lake lote, akabeba maharagi, barabara ikafungwa nyuma yake, na waliokuja baadaye wakatuambia kwamba walimukuta mama ameketi mlangoni, amekufa, wakamuzika nyuma ya nyumba.

Kwenye matanga tuliyofanya Birere, Olive, anayeuza vitenge hapo, alisema mbele ya wote kwamba aliyeokoa maharagi asikae na wanaomulilia mama, marehemu akasimama, akatoka, akarudi kambini Kanyaruchinya, na kuanzia siku hiyo akaitwa Papa Maharagi, jina ambalo sisi familia, pamoja na ma-diplôme yetu, tulilitamka tukicheka, voilà, tumelisema.

Chakula kikamushinda, usingizi pia, wakaja watu wa ONG moja, shirika la misaada, wenye ma-gilet, wakagawa kalamu za rangi, wakawaomba watu wazima wachore un bon souvenir, kumbukumbu nzuri, marehemu akarudisha kalamu yake kwa adabu, wao wakapanda jeep, c'est fini, naye akaokota kipande cha muti wa karatusi kilichokuwa cha kuni, akachonga chukudu ndogo, juu yake mama muzee ameketi, akaitazama, akaitupa motoni. Alichonga nyingine, akaichoma nayo, hivyo kwa miezi, hadi siku moja Rosine akaona moto unawaka na chukudu imebaki mkononi, na usiku ule mume wake akalala.

Mwaka 2024 alianza kuchonga chukudu kubwa, Rosine akamuuliza anamutengenezea nani wakati mama alishakufa, akajibu, "Kuna ba mama wengine." Mbao haikuwa shida, shida ilikuwa haya, kwa sababu hakuna mama anayekubali kubebwa kama makala, basi akaweka kiti chenye mgongo na mikono, kama kile cha chef wa kijiji, akakitandika kitenge, na kambi zilipovunjwa Februari 2025 na watu wakaambiwa warudi kwao akapandisha wazee mpaka Kibumba bila kuwadai kitu, nao walipanda wakiwa wamevaa vizuri kama wanaenda misa.

Tarehe 8 Machi 2025 Olive, aliyevimba miguu kwa ugonjwa wa sukari, alikuja bila kusalimia, akaketi kwenye kile kiti, marehemu akasukuma hadi mulima wa mwisho, pale Olive akasema, "Polepole, Damascène," na wakafika kwenye kaburi la mama yao wote wawili. Msamaha Olive hakuutamka, kaka yake hakuuomba, na mpaka marehemu anakufa hatukumuona akiweka maharagi kwenye sahani yake.

Tarehe 3 Novemba 2025 tension ya damu ilimupanda akiwa kazini, akafikishwa hospitali ya hapa Goma, akafariki tarehe 6 alfajiri, Olive akiwa amemushika mkono.

Tunawashukuru madaktari na ba infirmière, wauguzi wetu, waliofanya kazi wakati umeme umekatika, majirani waliotupatia viti na maji, na wasukuma chukudu wenzake waliomuleta hapa juu ya mabega na wakakataa corbillard, ile gari ya kubeba maiti, sisi wenyewe hatuna uso wa kujishukuru.

Kaka Damascène, umesukuma ya kutosha, pumzika sasa kwa amani.