Digrii Tisini Kando ya Pipa la Kabichi

Ndani ya basi la umeme la mji wa Ruse baridi ilikuwa kali hata pumzi zinaonekana. Tsvetana alijifanya anatazama theluji, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, ambako kijana alikuwa ameipakata kompyuta kama mtoto mgonjwa.

"Naipeleka kwenye vyuma chakavu, mama," alimwambia bibi aliyeketi naye. "Inasema prosesa, ubongo wake, ina digrii tisini. Nimeiweka roshani, kando ya pipa la kabichi ya kuchachua, bado tisini!"

"Roshani, na barafu hii? Uliigusa?"

"Niliigusa. Baridi tupu."

"Basi kinachoumwa ni kipimajoto chake. Ilaze nje ikiwa imezimwa, asubuhi uiwashe. Ikisema tisini papo hapo, inakudanganya. Itafutie programu mpya ya ubao wake wa ndani, ile inayosoma joto, kabla hujaizika."

"Mama, hizi ni namba. Namba zitadanganyaje?"

Tsvetana aliikumbuka mizani yake ya kujipimia uzito chumbani, akameza kicheko.

Bibi alinyoosha kidole kuelekea kioo cha kipimajoto cha basi, juu ya kichwa cha dereva. Namba nyekundu zilisema humo ndani mna digrii thelathini na nane. Kijana alizitazama, kisha akaitazama pumzi yake.

Basi likasimama penye vyuma chakavu, mlango ukafunguka. Kijana aliikumbatia kompyuta yake, wala hakuinuka.